Mtungi Namba Mia Moja na Arobaini

Kitambaa hakikunasa.

Ozella Bussey alikuwa ameingiza mkono wa kulia ndani ya mtungi hadi kwapani, shavu limeegemea mdomo wa mtungi, na kitambaa chenye unyevu kinazunguka kule chini penye tundu la kitako. Alizungusha mara moja, akarudia. Kikateleza tu. Akakiacha humo, akapapasa kwa kidole kitupu. Ukingo wa tundu kwa ndani ulikuwa laini. Akaulaza mtungi juu ya blanketi, akapapasa kwa nje, na huko kidole kikakwaruzika: udongo ulikuwa umebanduka magambamagamba kulizunguka tundu, likawa pana zaidi nje kuliko ndani.

Akavuta kiti cha plastiki, akakaa.

Ilikuwa saa moja na nusu, asubuhi ya Jumamosi. Saa nne mnada ungeanza, na mtungi huu, namba mia moja na arobaini, ndio uliokuwa umewatoa watu Atlanta na Charleston na kuwaleta hapa.

Kwa miaka kumi na tisa kazi ya Ozella katika jumba la mnada la Prather ilikuwa kuosha. Vyombo vya kale vilivyotolewa mabandani, chini ya nyumba na kwenye visima vilivyofukiwa, vyote vilipitia sinki lake kabla ya kupigwa picha. Anayeosha huona mengi kuliko anayepiga picha, na polepole mikono yake ikajifunza kusoma. Mtungi wenye mabega mapana na kitako chembamba ni wa kabla ya Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe. Ulionyooka ubavu juu hadi chini ni wa baadaye, ulifinyangwa harakaharaka kwa ajili ya maduka. Mng'aro wa majivu ya kuni na mchanga, wa kijani au wa kahawia, uliotiririka ukaganda kabla haujafika chini, ni wa hapahapa Edgefield, wa matanuri yaliyowashwa na watumwa. Mng'aro mweupe usio na doa ni wa juzijuzi, wa kiwandani. Vitone vilivyodungwa begani ni idadi ya galoni. Na karibu na kitako, ukibahatika, utakuta sehemu zisizo na mng'aro, alama za vidole vya mtu aliyeushika mtungi akiuchovya kwenye rojo la mng'aro. Vidole hivyo Ozella alivipima na vyake kila mara, ingawa hakuna aliyemtuma.

Basi wiki tatu zilizopita, mtungi huu ulipoletwa, Lyle Prather, mwenye jumba, alifanya jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku moja. Alimwita Ozella mbele ya mtaalamu wa picha na karani, akamwuliza, "Bi Ozella, wewe unasemaje?" Na Ozella, mama wa miaka sitini na mmoja, akajikuta anaona haya kama mwari. Akasema umri: kati ya mwaka 1845 na 1860. Akasema galoni tano. Akaulizwa kuhusu tundu la chini, naye akajibu papo hapo, hata mkono hakuingiza, "Hilo ni la maua." Mabibi wa kizungu wa wilaya hii, mitungi ilipokoma kutunza mafuta ya nguruwe, waliitoboa wakaijaza maua na kuipanga barazani. Ozella alikwisha kuosha mingi ya namna hiyo. Tena aliyeuleta, Carroll Dorn, alisema ulikuwa barazani kwa bibi yake. Maneno ya Ozella yakachapishwa kwenye kijitabu cha mnada, na ukurasa wa kwanza pakawekwa shukrani kwa jina lake kamili. Nakala tatu alizichukua nyumbani.

Lakini mtoboa mtungi wa maua huupindua mtungi, akaupigia keekee kwa nje, na udongo hubanduka kwa ndani. Kitambaa hunasa. Huu ulikuwa umepigwa kwa ndani. Mtu alipitisha chuma au mti mdomoni akagonga kuelekea chini, makusudi. Na kwa watu wa akina Ozella, mtungi uliopigwa hivyo una mahali pamoja tu pa kukaa. Ni juu ya kaburi.

Alimkuta Lyle ofisini anakunywa dawa ya tumbo.

"Bi Ozella, kama ni habari mbaya, ngoja Jumatatu."

"Ule wa mia moja na arobaini, Bwana Lyle. Nilikosea."

"Umri?"

"Umri uko sawa. Tundu."

Lyle alimfuata hadi mezani. Alikuwa mtu mnene, mwema kwa kiasi chake, mwenye woga wa wafanyabiashara wa mji mdogo ambao mteja mmoja akikasirika hukasirika na ukoo mzima. Akaingiza mkono, akapapasa, akauzungukia, akapapasa tena.

"Mh," alisema. "Labda fundi alikuwa amelewa."

"Mlevi gani huyo atoboe kwa ndani, gizani, asikoona hata mkono wake?"

Lyle alicheka, kisha kicheko kikamkauka. "Unataka kusema nini?"

"Nasema umetoka makaburini. Na aliyekata misonobari ya Zoari, walikozikwa wazee wetu, mwaka jana ni nani? Si Dorn?"

"Shhh! Punguza sauti, bibi wee." Lyle alitazama mlangoni. "Unajua kutoa kitu kaburini ni kosa la jela? Sasa nisimame mbele ya watu mia mbili nimwite mteja wangu mwizi wa makaburi? Kwa kuwa kitambaa kimeteleza? Na huku wewe mwenyewe, kwa kinywa chako, ndiye uliyesema maua?"

"Ndiyo maana nakwambia nilikosea."

"Ulipokuja ulikuwa na udongo ndani. Udongo ungetuambia. Uko wapi?"

Ozella aligeukia sinki. Aliusugua saa mbili nzima, kwa brashi ya mpini mrefu na magadi, ndani na nje. Kulikuwa hata na kuvu la kijivu begani, lile linaloota juu ya vitu vilivyokaa nje miaka na miaka, akalikwangua kwa kijiti cha mwanzi na kujisifu moyoni kwa usafi. Yeye ndiye aliyeupoteza ushahidi wote kupitia bomba la sinki.

"Niletee kitu cha kushika mkononi," Lyle akasema, safari hii kwa upole. "Kwa maneno matupu siwezi kuuondoa. Nauza kama vitu sitini kwa saa. Huu utafika mezani saa sita na dakika ishirini hivi."

"Na ukishauzwa?"

"Ukishauzwa, umeuzwa. Jioni utakuwa barabarani na mwenyewe."

Shangazi yake, Lovie, dada wa marehemu baba yake, alikaa maili kumi na moja kutoka mjini, na Ozella aliziendesha kwa roho juu. Alimkuta bibi huyo wa miaka themanini na minane jikoni, anakoroga uji mzito wa mahindi, kipande cha nyama ya nguruwe kinachirizika mafuta kikaangoni.

"Umeamkaje, Shangazi?"

"Nimeamka na magoti yote mawili, namshukuru Mungu. Wewe mbona umekuja na uso wa msibani?"

"Shangazi, kaburi la Bibi Silvy kule Zoari lilikuwa na mtungi?"

Kijiko kikasimama ndani ya sufuria.

Silvy alikuwa bibi wa kale katika ukoo wao, mama mzazi wa Hester, na Hester ndiye aliyemzaa baba yake Lovie. Alizaliwa mtumwa, akafa huru mwaka 1887, na zaidi ya hapo Ozella hakuwahi kuambiwa mengi. Mikutano ya ukoo ilikuwa ya kula pichi na kupiga picha.

"Ulikuwapo," alisema Lovie. "Mkubwa. Wa kijani. Sikio moja limepinda, aliyelibandika aliliminya kwa gumba. Begani una vitone vitano. Tulikuwa tunatia vidole kwenye vile vitone, tunahesabu, na Bibi Hester akituona, uwii, fimbo yake tuliijua. Mara ya mwisho nimeuona kabla mguu haujaniharibikia. Kwa nini?"

Ozella hakuwa amemweleza lolote kuhusu sikio. Sasa alijua, na kujua kukawa kubaya zaidi kuliko kushuku.

"Uko kwa Prather. Wanauuza leo."

Lovie akazima jiko. Hakupiga kelele. Alikaa kwenye kiti chake, akafuta mikono kwenye aproni, kidole kimoja baada ya kingine.

"Silvy alipokufa, nyumbani kulikuwa na watoto wawili wagonjwa, wamelala, hawali. Bibi Hester akauchukua mtungi ambao mama yake alitilia nyama ya chumvi maisha yake yote, akaupeleka kaburini, akaukalisha. Kisha akachukua chuma cha kuchochea moto akaugonga ndani, mara moja. Ili mnyororo wa vifo ukatike. Asitoke mwingine kumfuata. Wale watoto wakapona. Mmoja ni baba yangu, babu yako wewe."

"Kile kigae kilichotoka kitakoni, Shangazi. Kilikwenda wapi?"

"Kiende wapi? Alikwisha kuukalisha ndipo akagonga. Kiko palepale chini."

"Basi nikikipata kikaingia kwenye tundu..."

"Hukitoi."

"Shangazi, bila hicho hawaniamini."

"Nimesema hukitoi! Kitu cha kaburini hakichukuliwi, Ozella. Wewe umelelewa wapi?" Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Ulipoletwa, ulikuwa na udongo?"

"Ulikuwa nao."

"Ukaufanya nini?"

"Niliuosha, Shangazi. Ndiyo kazi yangu."

Ozella akatamani sakafu ya jikoni ipasuke. Uji ulianza kutanda ngozi juu. Nje, mbwa wa jirani alibweka akachoka.

"Maji ulimwaga wapi?"

"Kwenye sinki."

"Haya, kama udongo umekwenda, tukamwombe mwenyewe," alisema Lovie hatimaye, akajishika mezani kuinuka. "Nipe kofia yangu. Ile nyeusi. Na wewe chukua kijiko kikubwa, hicho cha kupakulia. Usichukue sepetu, hatuendi kulima."

Zoari lilikuwa kanisa lililokwisha kuanguka, limebaki ngazi tatu za mawe zisizokwenda popote. Misonobari iliyokuwa imelikinga eneo lote ilikuwa imekatwa. Visiki vilijaa, na magurudumu ya matrekta yalikuwa yamechimba mitaro myekundu hadi katikati ya makaburi. Ozella aliegesha pikapu karibu iwezekanavyo. Lovie hakuweza kutembea kwenye mitaro ile. Alishusha kioo, akaelekeza kwa fimbo: pale, kwenye jiwe lisiloandikwa, penye makombe ya baharini na kioo cha taa.

Makombe yalikuwapo, yamekanyagwa nusu. Kioo cha taa kilikuwapo. Kulikuwa na saa ya mezani iliyokula kutu, na sahani ya bluu iliyopasuka. Katikati yake palikuwa na duara la udongo mtupu lisilo na jani hata moja, pana kiasi cha kitako cha mtungi. Ozella alipoliona alianza kulia, akajikemea, akapiga magoti.

"Kwanza sema!" Lovie alipaza sauti kutoka garini. "Mwambie wewe ni nani!"

"Mimi ni Ozella," alisema, na sauti ikamtoka nyembamba. "Binti wa Theron."

"Mwambie unachukua nini! Na utakirudisha lini!"

"Nachukua kigae, Bibi. Nitakirudisha na mtungi wako." Akatazama jua. "Leo leo. Kabla jua halijatua."

Alilisema hilo kwa haraka ya mtu anayetaka kuanza kazi, na mara tu lilipotoka aliogopa. Ila lilikwisha kusemwa.

Udongo ulikuwa mzito, wa kunata, na kijiko kilipinda mara ya tatu tu. Akachimba kwa vidole. Alipata mzizi. Alipata jiwe, akalisugua kwa gumba, likabaki jiwe. Saa yake ya mkononi ilisema saa tano kasoro dakika kumi, kisha saa tano na robo, na kila alipoitazama alikuwa anajiibia muda. Alipata chembe ya kitu kinachong'aa, ndogo kuliko ukucha, akaiweka kwenye leso. Akapata nyingine. Sasa alikuwa amelala kifudifudi, mkono umezama hadi kiwiko, anapapasa gizani kama alivyopapasa asubuhi. Alifikiri, kama sipati, nimemchimbua bure. Nimemwogesha na nimemchimbua, na mtungi unakwenda Atlanta.

Kikaja mkononi upande wake mpana ukitangulia. Kilikuwa kizito kuliko alivyotazamia, kimejaa nusu ya kiganja, upande mmoja mkavu wa udongo uliochomwa, upande wa pili una mng'aro wa kahawia wa ndani ya mtungi. Alikitambua kabla hajakitazama.

Jumba la mnada lilikuwa limefurika. Magari yalijaa hadi kando ya barabara kuu, na harufu ya nyama ya kuchoma ilitanda uwanjani. Ozella alimshusha shangazi yake mlangoni, na kutoka ndani aliisikia sauti ya Lyle kwenye kipaza sauti ikikimbiza bei kwa ule wimbo wake wa kidalali. Alikuwa anauza namba mia moja thelathini na saba.

"Nishike mkono, Shangazi."

"Nikushike mkono tufike kesho? Nenda! Mimi siibiwi."

Akaenda. Alipita katikati ya viti akiwa na magoti mekundu na kucha zimejaa udongo, na watu waliokuja na kofia zao na kadi zao za namba wakavuta miguu asiwachafue. Mmoja akamwuliza kama choo kimeziba. Ozella alisonga mbele. Alikuwa anahesabu: thelathini na nane, imekwenda. Thelathini na tisa, imekwenda. Vijana wawili wakaubeba mtungi, wakaukalisha juu ya meza yenye kitambaa cheusi, taa zikaumulika, na ukumbi ukatulia kwa tamaa. Ulikuwa mzuri. Ozella alijua ameusafisha vizuri sana, na hilo lilimuuma.

Lyle alimwona. Akaona magoti. Akafunika kipaza sauti kwa kiganja.

"Unacho?"

"Ninacho."

"Mabwana na mabibi," Lyle alisema, jasho limeanza kumtoka kwenye upara, "mtatupa dakika mbili."

Manung'uniko yakapita. Safu ya mbele, Carroll Dorn, mwenye viatu vya porini na mikono mipana, alikaa wima.

Ozella aliulaza mtungi ubavu, kitako kikiwaelekea watu. Akakileta kigae kwenye tundu. Hakikuingia. Akakizungusha, hakikuingia. Akakigeuza tena, kikagonga ukingoni, na mtu fulani nyuma akasema, "Mama anacheza mchezo wa watoto," watu wakacheka. Dorn alicheka kuliko wote. Ozella alihisi macho mia nne mgongoni. Ndipo akaona: kilikuwa na udongo. Udongo wa Zoari ulikuwa umeganda ukingoni mwa kigae, na mikono yake, kwa mazoea ya miaka kumi na tisa, ilikwisha kuanza kutafuta maji. Akaizuia. Alikifikicha ukingo tu, kwa gumba, kidogo kidogo, na chembe zilizodondoka akazikinga kwa leso. Halafu akakizungusha robo.

Kikaingia. Kilitoa sauti ndogo kikikaa, na aliyekuwa karibu aliisikia. Ozella akaondoa mkono. Kikabaki.

Lyle aliteremka jukwaani, akapitisha kidole juu ya ufa uliokuwa mwembamba kuliko unywele. Akafanya hivyo mara mbili.

"Umekitoa wapi, Bi Ozella?" aliuliza kwa sauti, ili wote wasikie.

"Kwenye kaburi la Silvy, makaburini Zoari. Chini ya mahali mtungi huu ulipokuwa umekaa tangu mwaka 1887."

"Upuuzi!" Dorn alisimama. "Kigae chochote kingeingia hapo!"

"Carroll," alisema Lyle, "leta kingine tujaribu."

Safari hii kicheko kilikwenda upande wa pili. Dorn akawa mwekundu hadi shingoni. "Niliukuta umekaa tu porini! Hakuna jiwe, hakuna jina, hakuna ua. Nani angejua ni kaburi?"

"Mbona ulisema barazani kwa bibi yako?" Lyle akamwuliza.

Dorn akatafuta kofia yake chini ya kiti. Ozella alianza kuhisi kitu kama furaha, cha kwanza tangu asubuhi, ndipo fimbo ikasikika inagonga sakafu na sauti ya Lovie ikapasua katikati ya viti.

"Kitoe! Ozella, kitoe hicho!"

Ozella aligeuka.

"Umeuziba!" Lovie alikuwa anakuja mbio za miguu mibovu, kofia imekaa upande, uso umemsawajika kwa hofu. "Mtungi mzima huo! Umeuunga! Kitoe upesi!"

Watu hawakuelewa. Ozella alielewa. Mbele ya macho ya wote alikuwa amefanya lile ambalo hakuna wa ukoo wake angethubutu: alilifunga tundu la Hester, akauunga mnyororo tena. Akakivuta kigae kwa kucha. Kilikuwa kimeng'ang'ania. Akaingiza mkono mdomoni mwa mtungi, hadi kwapani, akasukuma kwa kiganja kutoka ndani kwenda nje, upande uleule wa chuma kile, na kikamdondokea kwenye mkono wa pili. Lovie alimfikia, akamshika bega, akabaki ameegemea hapo anahema.

"Namba mia moja na arobaini imeondolewa mnadani," Lyle alisema kwenye kipaza sauti. Akakohoa. "Namba mia moja arobaini na moja."

Chumba cha nyuma kilikuwa na dirisha moja, linalotazama magharibi. Lyle aliubeba mtungi mwenyewe, akaukalisha juu ya kreti, akafunga mlango wa upande wa uani kwa ufunguo.

"Nimewapigia polisi wa wilaya. Watu wao wa mambo haya hawaji mpaka Jumatatu. Hadi hapo mtungi unakaa hapa, na kigae vilevile."

"Haiwezekani," alisema Ozella. "Nimeahidi kuvirudisha leo. Kabla jua halijatua."

"Umemwahidi nani?"

"Mwenyewe."

Lyle aliangalia sakafu. Alikuwa ameishi wilaya hii miaka hamsini na mitatu, na hakumwuliza mwenyewe ni nani. "Bi Ozella, vikitoka humu leo, Dorn atasema tulivipika mimi na wewe. Atashinda. Hapo utaupoteza kabisa." Alipangusa upara. "Na kile kijitabu, nitakisahihisha. Ile habari ya maua."

"Ondoa na jina langu."

"Hilo siondoi," alisema Lyle, akarudi kwenye mnada wake.

Lovie alikuwa amekaa kwenye kiti cha Ozella cha plastiki, ameitengeneza kofia, mkoba juu ya mapaja, na juu ya mkoba ile leso yenye kigae na chembe zake. Alikuwa ameketi kama watu wa kwao wanavyoketi na maiti sebuleni kabla ya mazishi, kwa zamu, asiachwe peke yake hata dakika.

"Shangazi, nikupeleke nyumbani ukapumzike?"

"Nikapumzike nini? Vuta kiti."

Ozella alivuta kiti. Ukutani, upande wa pili, Lyle alikuwa anauza chungu cha siagi, na bei ilipanda, ikasita, ikapanda. Walikaa hivyo muda mrefu. Kila baada ya kitambo Ozella aligeukia dirishani. Mwanga ulikwisha kushuka kutoka ukutani ukafika sakafuni, ukawa unautambalia mguu wa kreti, wa manjano, halafu wa kutu. Hakuna mahali alipopaswa kuwa ila Zoari, na hapakuwa na njia ya kufika.

"Jua linatua, Shangazi."

"Naliona."

"Nitafanyaje?"

Lovie aliinyoosha leso kwa kiganja, akavuta pumzi.

"Mwambie umechelewa. Mwambie kwa nini. Ni mtu mzima, atakusikiliza."

Ozella alisogeza kiti hadi magoti yakagusa kreti. Aliushika mtungi kwa masikio yake mawili, lile zima na lile lililominywa kwa gumba, akauinamia mdomo wake, na kwa sauti ya chini akaanza kueleza.